Chupa ya nusu lita eti ni sawa na mfuko wa urea? Tupige hesabu kwanza

Hii nano urea imeanza kuwa gumzo kwa watu wa kilimo, na kila nikiulizwa naanzia India maana huko ndo imetumika kwa wingi. Mwaka 2021 ushirika mkubwa wa mbolea wa kule, IFFCO, ulitoa mbolea ya maji ya kupulizia kwenye majani, chupa ya nusu lita kwa rupia 240, wakasema inachukua nafasi ya mfuko wa urea wa kilo 45. Mwaka uliofuata waziri mkuu Modi mwenyewe akazindua kiwanda kule Kalol, Gujarat. Kelele zake we acha tu.

Wazo lenyewe sio la kijinga. Urea ukiimwaga shambani sehemu kubwa mmea hauipati, nyingine inapaa kama amonia, nyingine inasombwa na mvua mpaka mtoni, na hela yako imeenda nayo. Sasa wao wakasema chembe ikiwa ndogo sana, nanomita 20 mpaka 50 (unywele mmoja unafika kama nanomita elfu 80), inapenya kwenye jani na kinachopotea ni kidogo.

Haya, chukua simu yako upige hesabu. Ile chupa ya 2021 ilikuwa na naitrojeni (ndo chakula chenyewe ambacho mmea unakipata kwenye urea) asilimia 4, nusu lita ni gramu 20 tu. Mfuko wa kilo 45 una asilimia 46, yaani kilo 20 na ushee. Tofauti ni mara elfu moja! Hata mmea unywe mpaka tone la mwisho, hizo kilo zingine zitatoka wapi? Mahindi hayashibi matangazo jamani.

Na sio mimi tu, mwaka 2023 watafiti Max Frank na Søren Husted wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, waliandika kuhoji madai hayo hayo, halafu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab, hukohuko India, wakajaribu shambani miaka miwili, mavuno ya ngano yakashuka asilimia 21.6 na mpunga asilimia 13 ukilinganisha na mbolea ya kawaida kwa kipimo chake. IFFCO wanasema wao walijaribu kwenye mashamba zaidi ya elfu 11 na mavuno yakapanda kwa wastani wa asilimia 8. Mi kati ya hao naegemea Punjab, sababu wao hawauzi chupa.

Ila msije mkasema napinga nano yote, hapana. Sri Lanka, mwanasayansi Nilwala Kottegoda na wenzake mwaka 2017 walionyesha kitu kizuri sana, waliishikiza urea kwenye chembe ndogo za haidroksiapataiti, ambayo ni madini yaleyale ya mifupa na meno, ikawa inaachia naitrojeni polepole, na mpunga ukazaa vizuri kwa nusu ya urea. Nusu, sio moja ya elfu. Hapo naelewa kabisa.

Upande wa dawa za mimea za nano ndo unanitia wasiwasi zaidi. Chembe za silva na shaba zinaua vijidudu vya magonjwa, sawa, lakini zikidondoka kwenye udongo hazichagui, na humo kuna bakteria wanaotusaidia, wakiwemo wale wa kwenye mizizi ya maharage. Na anayepulizia je? Wengi wetu tunabeba bomba mgongoni bila barakoa, pengine na ndala, na unyunyu laini kama ule unaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Magazeti ya India yameandika wakulima wakilalamika kwamba wauzaji wanawalazimisha kuchukua chupa ndo wapewe urea ya ruzuku. Kwa hiyo siku chupa ikiletwa kwenye duka lako la pembejeo, uliza naitrojeni asilimia ngapi, ukishajibiwa pulizia mistari michache tu, kwingine weka urea yako kama kawaida, ukivuna pima kila upande kwenye mizani.