Shri sita kwa guru
Hapa Makoroboi nachapa barua za watu kutwa nzima: maombi ya kazi, malalamiko ya viwanja, "Yah:" kwa herufi kubwa. Kwa hiyo nilipokutana na utaratibu wa barua za Kisanskriti, lugha ya kale ya India, nilicheka peke yangu. Mwandishi alitanguliza neno la heshima, shri, na idadi yake ilifuata cheo cha mpokeaji. Guru (mwalimu wako) 6, bwana wako 5, adui 4, rafiki 3, mtumishi 2. Mke na mtoto, moja moja. Adui anamzidi rafiki! Naafiki: barua ya kumdai mpangaji sugu ndiyo hujaa "Mheshimiwa". Karne ya 15, mshairi Vidyapati wa Mithila, eneo la mpakani mwa India na Nepali, aliandika Likhanavali, kitabu kizima cha vielelezo vya barua. Kikitoka kwa Kiswahili, nitakining'iniza kando ya bei za fotokopi.