Antivairasi ikikataa treina, usiizime

Video nyingi za kufundisha treina za gemu, yaani programu ndogo za kujiongezea risasi au pesa ndani ya gemu, huanza na agizo lile lile: zima antivairasi. Ni ushauri mbaya popote, na hapa Nairobi ni mbaya zaidi. Wengi wana laptopu moja tu, pengine iliyokwisha kutumika ya kununuliwa Luthuli Avenue, na ndiyo hiyo hiyo ya gemu, ya iTax, ya eCitizen na ya barua pepe za kazi.

Treina hukataliwa kwa sababu ya kazi yenyewe. Inaingilia gemu ikiwa inaendelea, inatafuta kwenye RAM pale namba ya risasi au pesa ilipowekwa, kisha inaandika namba nyingine juu yake. Wakati mwingine inapenyeza faili ya DLL (kipande cha programu) ndani ya gemu. Virusi navyo hufanya hivyo hivyo. Tena treina nyingi hazina sahihi ya kidijitali na zimebanwa kwa UPX (chombo cha kupunguza ukubwa wa programu), kwa hiyo Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, kushtuka si ajabu.

Basi soma jina ililotoa, chini ya "Protection history" kwenye Windows Security. HackTool, GameHack au RiskWare inaeleza tu kazi ya faili, na treina ndivyo ilivyo. Jina linaloishia na "!ml", mfano Trojan:Win32/Wacatac.B!ml, ni makisio ya mashine: halithibitishi wala halisafishi. Ukiona Stealer, RedLine au Lumma, futa papo hapo. Hizo huiba manenosiri na vidakuzi vya kivinjari, na aliye na vidakuzi vyako anaweza kuingia kwenye akaunti bila kuulizwa nenosiri.

Badala ya kuizima antivairasi, tengeneza folda, tuseme C:\Treina. Fungua "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", teremka hadi "Exclusions" (orodha ya vitu ambavyo Defender haivichunguzi) na uongeze folda hiyo peke yake. Usiweke Downloads wala C: nzima, maana chochote kitakachoangukia humo Defender itakiacha kipite. Ruhusa itangulie, kupakua kufuate, na faili ihifadhiwe moja kwa moja kwenye folda hiyo. Ukifungulia zip ndani ya Downloads, Defender huinyakua .exe kabla hujaihamisha, unabaki na faili ya maelezo tu. Hapo ndipo watu hudhani faili ni mbovu na kumaliza bando wakiipakua tena na tena.

Kabla ya kuiendesha, ipeleke VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja, .exe yenyewe na si zip, kwa sababu zip yenye nenosiri haichunguziki ndani. Angalia majina, si idadi ya alama nyekundu pekee. Angalia na ukubwa: treina ya kawaida ni MB chache. VirusTotal haipokei zaidi ya MB 650, na kuna wahalifu wanaojaza faili takataka makusudi ili ipite kiwango hicho.

Ikigoma bado, bofya faili kwa kitufe cha kulia, "Properties", uweke tiki kwenye "Unblock". Kwenye Windows 11 huenda kinachozuia ni Smart App Control, ulinzi wa Windows dhidi ya programu isiyoiamini, ambayo haina njia ya kuruhusu programu moja moja. Ikifunguka lakini namba za gemu hazibadiliki, antivairasi haihusiki: treina imetengenezewa toleo jingine la gemu, au inataka kuendeshwa kama msimamizi.

Na treina ni ya gemu za mchezaji mmoja tu. Penye Easy Anti-Cheat au BattlEye, programu za kunasa udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni, akaunti inaweza kufungiwa, hata folda iwe imeruhusiwa vipi.