Ncha Mbili Upeoni: Kupiga Picha za Anga kutoka Uani, Tororo

Maelekezo mengi ya kupiga picha za anga ya mbali humtaka msomaji aanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini, iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya mbingu, kisha aelekeze kwake mhimili wa mtambo unaozungusha kamera ili ifuate mwendo wa nyota. Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, ambapo hatufiki hata digrii 1 kaskazini mwa ikweta, nyota hiyo hukaa usawa wa upeo wa macho, nyuma ya mapaa ya mabati na miembe ya majirani, nami sijapata kuiona nikiwa uani. Mhimili lazima ulale karibu sawa na ardhi, jambo ambalo mitambo mingi iliyoundwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta hailiwezi. Wangu uliweza baada ya fundi wa kuchomelea kunitengenezea kabari ya chuma ya kuuinamisha.

Mhimili huo naulinganisha kwa kuchagua nyota iliyo karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, kuuacha mtambo uifuate, na kutazama kama inateleza kaskazini au kusini. Ikiteleza, naugeuza mtambo kidogo kushoto au kulia, halafu narudia kwa nyota iliyo chini upande wa mashariki ili nirekebishe mwinuko. Kazi hiyo inachosha, lakini haikwepeki, kwa kuwa nyota zilizo kwenye ikweta ya mbingu, mstari wa kufikirika ulio juu ya ikweta ya dunia, ndizo zinazoonekana kwenda kwa kasi kuliko zote, digrii 15 kwa saa.

Ujira wake ni kwamba hakuna sehemu ya mbingu tunayonyimwa kabisa. Galaksi ya Andromeda hupanda hadi karibu nusu ya anga upande wa kaskazini, na Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo ambazo mtu wa London hazioni maisha yake yote akibaki kwao, huchomoza kusini. Mwishoni mwa Januari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi, hupita karibu kabisa na utosi, mahali ambapo nuru yake hupenya hewa kidogo kuliko popote pengine. Umeme ukikatika mtaani, wenzangu hulalamika nami hushukuru kimoyomoyo, kwani mtambo wangu hutumia betri ya gari.

Picha moja huwa imejaa chenga, yaani vidoa visivyo sehemu ya anga. Nikizirundika picha 100 ziwe moja, chenga hupungua mara 10 tu. Nikitaka zipungue mara 20, nahitaji picha 400, na mawingu hayana subira hiyo. Omega Centauri, kishada cha mamilioni ya nyota, hufika juu jioni za mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimetanda, kwa hiyo naiwinda Februari, kama saa kumi na nusu alfajiri. Mzee jirani yangu amekubali kuizima taa yake ya ulinzi saa hizo, kwa sharti kwamba nimpe picha ya kutundika sebuleni. Amechagua Nebula ya Orion; Omega Centauri, asema, ni sukari iliyomwagika.