Tumbo likiuma kulia chini baada ya tibakemia, hesabu siku kwanza

Mgonjwa wa lukemia (saratani ya damu) ana homa, anaharisha, na tumbo linamuuma chini upande wa kulia. Mawazo hukimbilia kidoletumbo. Kabla ya kumwita daktari wa upasuaji, uliza dozi ya mwisho ya tibakemia ilitolewa lini. Zikiwa zimepita kama siku 10 hadi 14, fikiria tiflaitisi: uvimbe wa mwanzo wa utumbo mpana kwa mtu ambaye neutrofili zake, yaani seli nyeupe zinazopambana na bakteria, zimekwisha.

Dawa kama saitarabini na zile za jamii ya taksani huchubua utando wa ndani wa utumbo. Bakteria wa humo hupenya ukutani, na hakuna wa kuwazuia.

Hesabu neutrofili mwenyewe, usiangalie jumla ya seli nyeupe peke yake. Seli nyeupe 1,200 kwa kila mikrolita, neutrofili asilimia 20: zimebaki 240. Chini ya 500 ni hatari. Homa ya 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa nzima, inatosha kuanza kazi.

Kosa linalogharimu maisha ni kubonyeza tumbo, kulikuta laini, na kuridhika. Mgonjwa asiye na seli nyeupe anaweza kuwa na utumbo unaooza na tumbo lisikakamae. Akiwa anatumia steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni, hata homa inaweza kujificha. Kwa hiyo maumivu kidogo yasiyoeleweka yanatosha kuagiza picha.

CT skani ya tumbo ndiyo bora. Isipopatikana upesi, ultrasaundi hufanya kazi nzuri. Anzia kulia chini, fuata utumbo ukipanda kuelekea ini, na usikandamize kwa nguvu. Pima unene wa ukuta wenyewe. Utumbo uliosinyaa hudanganya, ukaonekana mnene bure. Zaidi ya milimita 4, pamoja na homa na neutrofili chache, ugonjwa ni huo mpaka ithibitike vingine. Zaidi ya milimita 10, hatari ya kifo hupanda sana. Tafuta pia hewa ndani ya ukuta, na maji au hewa nje ya utumbo.

Kolonoskopi, enema na kidole kwenye puru: hapana. Ukuta ni dhaifu hata ukiwa mnene, na chembe sahani, zinazogandisha damu, ni chache. Unaweza kuutoboa, kuleta damu au kusukuma bakteria kwenye mishipa.

Damu ya kuotesha bakteria maabara ichukuliwe kabla ya antibiotiki, lakini isiicheleweshe: dozi ya kwanza iingie ndani ya dakika 60. Piperasilini-tazobaktamu au meropenemu hutosha kuanzia. Ukitumia sefepimu, ongeza metronidazoli, maana sefepimu haiwafikii vyema bakteria wasiohitaji hewa. Seftriaksoni peke yake haifai, kwani haimdhibiti bakteria Pseudomonas.

Kinyesi kipimwe sumu ya bakteria Clostridioides difficile, kwa kuwa ugonjwa huo hufanana na huu na tiba yake ni tofauti. Aliyekunywa steroidi muda mrefu, hasa akitoka ukanda wetu wa joto, atafutiwe pia minyoo ya Strongyloides. Na kwa mtoto mwenye limfoma ya Burkitt, unene huo unaweza kuwa uvimbe wenyewe wa saratani; linganisha na picha za kabla ya dawa.

Pima tumbo kila baada ya saa chache, mkono uleule ukiwezekana. Upasuaji ni kwa utumbo uliotoboka, uliooza, au unaotoa damu isiyokoma hata baada ya kuongezewa chembe sahani.