Nilivyolitafuta Gari Nililoliuza Mwaka 2012

Mwaka 2012 niliuza Toyota Carina Ti yangu kwa shilingi 5,200,000. Tuliandikishana na mnunuzi mbele ya wakili Magomeni, nikamkabidhi kadi halisi ya usajili na funguo, na kila mmoja akashika njia yake. Aliniahidi kwamba angebadilisha jina la umiliki ndani ya mwezi huo, nami sikufuatilia. Uvivu huo ulikuja kunidai miaka 12 baadaye, jirani yangu wa Sinza alipoitwa kituoni kueleza habari za pikipiki ambayo alikuwa ameiuza zamani na kuisahau. Usiku ule nilifungua faili la karatasi zangu, nikatoa nakala ya kadi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza gari lile liko wapi na linatembea kwa jina la nani.

Nakala ile ilinipa namba mbili, na zote zilikuwa na manufaa. Ya kwanza ni namba ya usajili, ambayo kwa utaratibu wetu Tanzania hubaki na gari hata likipita mikono mingi. Ya pili ni namba ya chasi, ambayo kwenye gari hilo imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Nilipoteza jioni nzima kwenye tovuti za nje zinazodai kuonyesha historia ya gari lolote, kabla sijaelewa kwamba zilitaka namba ya tarakimu na herufi 17, wakati magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya aina hiyo. Yana alama ya muundo, kwa upande wangu AT192, kisha kistari na namba ya mfululizo. Mtu mwenye gari la aina hiyo asijisumbue na tovuti hizo.

Mifumo ya hapa nyumbani ilinisaidia zaidi. Katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima niliingiza namba ya usajili, nikaona kwamba gari lilikuwa na bima ndogo iliyokuwa imekwisha muda wake miezi michache tu iliyopita. Kwa hiyo halikuwa limekufa zamani kama nilivyodhani. Upande wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, halikuwa na deni la maegesho hata moja, jambo lililonifanya nihisi kwamba halikuwa likizunguka katikati ya jiji. Kisha nikaingia kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya makosa ya barabarani, na hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti: kulikuwa na faini moja ya shilingi 30,000 isiyolipwa, kwa kosa la kuendesha gari bovu, na mahali palipoandikwa ni Mkuranga.

Nilikwenda pia ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato inayosajili magari, nikiwa na kitambulisho changu cha taifa na nakala ya kadi. Sikwenda kuuliza jina la mmiliki wa sasa, kwa kuwa taarifa za mtu mwingine hazitolewi kwa kila anayeuliza, na tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nisingetegemea vinginevyo. Niliuliza jambo moja linalonihusu mimi: je, gari hili bado liko kwa jina langu? Jibu lilikuwa ndiyo. Niliondoka pale tumbo likinicheza, nikiwaza pia ada ya kila mwaka ya leseni ya barabara, ambayo iliendelea kutozwa mpaka ilipofutwa mwaka 2017 na tozo kuhamishiwa kwenye mafuta.

Simu ya yule mnunuzi haikupatikana. Nikamwendea fundi wangu wa zamani, Ilala, aliyelihudumia gari lile miaka yote niliyokuwa nalo. Nilipomtajia namba ya usajili alinitazama tu. Nilipomkumbusha mlango wa nyuma wa kushoto, tulioununua Gerezani baada ya kugongwa na bajaji, na ambao rangi yake haikuwahi kulingana na ya gari hata baada ya kupigwa mara mbili, alicheka. Akasema kijana mmoja alikuja kwake kutafuta giaboksi ya Carina yenye mlango wa namna hiyo, akasema gari liko kusini, linabeba abiria na mananasi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala Mbagala Rangi Tatu, nikapita Kongowe na Vikindu hadi Mkuranga. Pale stendi sikutaja namba kabisa. Niliwauliza madereva wa michomoko, yale magari madogo ya abiria, kuhusu Carina nyeupe yenye mlango mmoja wa rangi ya maziwa, na wa pili niliyemuuliza akanyoosha kidole kuelekea gereji iliyo nyuma ya maduka.

Lilikuwa limepandishwa juu ya matofali chini ya mkorosho, halina injini. Mwenyewe, kijana wa miaka kama 30, alinisalimia, "Shikamoo mzee," kisha nilipojitambulisha akanyamaza. Nadhani aliogopa kwamba nimekuja kulidai. Nilimweleza nia yangu polepole, naye akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki.

Ndani yake kulikuwa na kadi halisi yenye jina langu, na hati nne za mauziano zilizobanwa pamoja kwa pini. Nilikaa kwenye ndoo nikazisoma moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa yetu ya Magomeni. Ya pili ilionyesha kwamba mnunuzi wangu aliliuza mwaka uliofuata kwa shilingi 4,000,000, kwa mtu wa Mbagala. Huyo alikaa nalo miaka sita, muda mrefu kuliko mimi, akaliuza kwa 2,300,000. Kijana huyu alilinunua kwa 1,100,000. Hakuna hata mmoja aliyebadilisha jina. Kila mmoja alipokea kadi yangu, akaongeza karatasi yake juu, akaendelea na safari.

"Sisi hapa tulikuwa tunakuita mwenye gari," kijana akaniambia, "bila kukujua."

Injini yake, 5A-FE, alikuwa ameiuza kwa mwenye Corolla AE110, kwa kuwa inaingia bila kuchongwa chochote. Nilimshauri amwambie huyo mwenye Corolla aende kurekebisha namba ya injini kwenye kadi yake mapema. Bodi la gari kijana hakuwa na mpango wa kulifufua, hivyo tulikubaliana kwamba faini ailipe yeye, nami nigharamie ufuatiliaji wa kufuta usajili, kwa kuwa jina lililoandikwa ni langu.

Alichukua spana namba kumi akafungua vibao vyote viwili, cha mbele kikiwa kimepinda. Nilivifunga pamoja na kadi kwenye gazeti, nikaomba nakala za zile hati nne tukazitoe dukani jirani, na nikapata daladala ya saa kumi kurudi Rangi Tatu.