Kuhariri jeni sawa, ila nani kaulizwa?

Watu wakibishana kuhusu kuhariri jeni za binadamu, yaani kukata au kubadilisha maagizo ya kurithi ndani ya seli, utasikia ruhusu au piga marufuku, kama vile ni kitu kimoja. Mi naona ni vitu viwili, na sheria ikivichanganya itaharibu vyote.

Kuna kumhariri mtu ambaye yupo, anaumwa na anajua anachofanyiwa. Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Wanatoa seli shina za damu yako, zile zinazozaa seli nyingine za damu, wanaenda nazo maabara, CRISPR, yaani mkasi wa kukata DNA, inakata sehemu ndogo ya jeni inaitwa BCL11A ambayo kazi yake ni kuizima ile himoglobini tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, sasa kizimio kikikatwa himoglobini ile inarudi na seli nyekundu hazijikunji kirahisi tena. Kabla hujarudishiwa unapigwa kemo kali ya kufuta uloto wa zamani kwa hiyo sio mchezo hata kidogo. Dawa inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani Desemba hiyohiyo, na bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Milioni mbili! Lakini mgonjwa kasaini mwenyewe, na likiharibika jambo linaishia kwake. Hapa sheria ikague usalama kama inavyokagua dawa nyingine, basi, isiweke vizingiti vya ajabu.

Halafu kuna kiinitete, yaani mtoto akiwa bado ni seli chache tu. Novemba 2018 He Jiankui, mwanasayansi wa China, akatangaza wamezaliwa mapacha wa kike aliowahariri jeni ya CCR5, ile inayotengeneza mlango ambao virusi vya UKIMWI huingilia kwenye seli. Baba alikuwa na virusi, mama hana. Sasa hapo ndo nachoka kabisa, kwa sababu njia ya kusafisha mbegu za baba ili mtoto asiambukizwe ilikuwepo miaka mingi, yaani wale watoto hawakuwa wanaumwa chochote na hakuna kilichowalazimu. Na mabadiliko yaliyotokea wala hayakuwa yale ya asili yanayojulikana kwa watu waliozaliwa na kinga dhidi ya virusi hivyo, yalikuwa mapya, hakuna aliyejua yatafanya nini mwilini. Wakikua wakazaa, wanaweza kuyarithisha. Jamaa akafungwa miaka 3 na faini yuan milioni 3, ila adhabu hairudishi herufi moja ya DNA mahali pake.

Ndo maana hapa nataka marufuku ya wazi, kuchunguza kiinitete maabara ruksa, kukipandikiza tumboni kikiwa kimehaririwa hapana. Wengi wenye hofu ya ugonjwa wa kurithi wanaweza kupimiwa viinitete na kuchagua kile ambacho hakina ugonjwa, hakuna haja ya kukata kitu.

Wengi, sio wote. Wazazi wote wawili wakiwa na selimundu yenyewe, sio wabebaji tu wa jeni yake, hakuna cha kuchagua, kila mtoto atazaliwa nayo. Kwa hao bado ningesema msubiri, mtoto azaliwe atibiwe kama mtu aliyepo, akifika umri wa kuulizwa aulizwe. Ila najua nikisema hivyo na ile bei niliyoitaja hapo juu, sijawasaidia sana.