Kitabu kisicho na mwisho

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, nikajua leo hatokuja mtu. Nikafungua maktaba saa tatu kasoro, nikafuta meza, nikaweka ndoo pale panapovuja karibu na shelfu la vitabu vya dini, nikakaa zangu na chai ya chupa. Haijapita robo saa nasikia baiskeli inaegeshwa ukutani. Ni mzee wangu wa reli. Tanga nzima imejifungia ndani ila yeye kaja, koti linachuruzika, kitabu kakifunga nailoni mbili kakiweka ndani ya shati.

Ya mzee nitayarudia, ngoja kwanza nianzie nyuma.

Kazi yangu kwenye karatasi ni kugonga mihuri na kurudisha vitabu kwenye namba zake. Ila kazi yenyewe hasa ni lile swali, "dada una kitabu gani kizuri?" Zamani nilikuwa najibu fasta, nanyanyuka nachomoa chochote nilichokipenda mimi, halafu kinarudi baada ya siku mbili mtu ananiambia "kizuri" na macho yake hayasemi hivyo. Siku hizi namuuliza, hivi mara ya mwisho kitabu kimekunyima usingizi lini? Wengi wanacheka. Vijana wa fomu foo wanasema hawajawahi, na nawaelewa, maana riwaya wao wameijulia kwenye maswali ya mtihani, taja dhamira, jadili wahusika, so ukimpa kitabu kitu cha kwanza anauliza notsi zake zipo? Yani mtoto kasoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, kajibu, kapata B yake, lakini ukimuuliza kama kuna ukurasa aliogopa kuufunua anakushangaa.

Hao nawapa Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya, wala sioni aibu. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilitoka 1974 na mpaka leo nakala yetu kava limeshikwa na selotepu tatu za rangi tofauti. Wakimaliza hapo nawasogeza kwa Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa. Kuna mkubwa wangu mmoja wa kazi aliwahi kuniambia hivi ni vitabu vya kijiweni, tusijaze shelfu. Nilinyamaza, si unajua tena mkubwa ni mkubwa, ila moyoni nilikataa. Kijana mmoja aliyezaliwa 2007 alirudisha Kikosi cha Kisasi cha Musiba huyo huyo akaniuliza, "dada, hivi makaburu ni kina nani hasa, na kwa nini walikuwa wanahangaika na sisi?" Tukakaa kwenye ile benchi ya nje karibu saa nzima tunaongea Afrika Kusini na wapigania uhuru, mambo ambayo darasani alishayapitia akayasahau. Kitabu cha kijiweni ndo kimemfanya aulize.

Halafu kuna taharuki nyingine haina bastola, na hii ndo naipenda zaidi. Mama mmoja anauza vitumbua pale getini, akawa anaomba kitabu cha kusomea kati ya mteja na mteja. Nikampa Rosa Mistika ya Kezilahabi nikiwa na wasiwasi kidogo, kwa sababu ni kitabu kizito, enzi zile kilipigwa hadi marufuku mashuleni. Si unakumbuka yule baba, Zakaria, mlevi wa kule Ukerewe, anavyompiga binti yake kisa barua ya mvulana? Siku ya tatu naingia kazini mama wa vitumbua kaniitia pembeni, kidole kiko katikati ya kitabu kuweka alama, kurasa zina mafuta, ananiambia "huyu baba mimi namjua". Sikumuuliza anamjua wapi. Akaniuliza yeye, "binti atapona?" Nikasema mama soma tu. Alikuwa anaunguza vitumbua wiki hiyo, wateja walilalamika kweli. Alipokirudisha hakuniambia kizuri wala kibaya, aliomba tu kingine cha "huyo huyo", nikasita. Maana huyo huyo ndo kaandika Nagona, kitabu chembamba kama daftari, mtu unadhani utakimaliza kwa kikombe kimoja cha chai kumbe unatoka mule hujui uko wapi. Mwalimu mmoja alinirudishia akasema "hiki kitabu kina homa". Mama nikampa Vuta N'kuvute badala yake.

Haini ya Shafi Adam Shafi huwa simpi mtu bila kumwangalia usoni. Rais wa kisiwa anauawa halafu watu wanaanza kuzolewa majumbani. Ukijua kwamba Karume aliuawa Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotiwa ndani baada ya hapo, basi hutokisoma kama hadithi ya jela tu. Nimeshawaazima wazee wawili kutoka Unguja wanaoishi huku, mmoja alikaa nacho miezi mitatu, sikumtoza faini.

Sasa mzee wa reli.

Tuna nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, kile cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda shindano mwishoni mwa miaka ya 50 kikachapwa 1960. Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni, tajiri kauawa, na kila mtu unamhisi yeye. Sasa kuna mtu, Mungu anamjua, alichana kurasa za mwisho. Zote za mwisho kabisa, pale Bwana Msa anapoanza kufungua fundo! Watu walikuwa wananirudia wamefura. Mmoja alitaka nimlipe nauli ya daladala.

Kukitupa nikashindwa, kununua kingine bajeti hakuna. Nikachukua bahasha ya kaki nikaigundisha ndani ya kava la nyuma, nikaandika kwa maka: MWISHO HAUPO. ANDIKA MUUAJI NI NANI NA KWA NINI. Mimi mwisho naujua, niliusoma sekondari kwenye nakala ya mjomba, ila nimeapa sisemi.

Aisee, kitabu kikaanza kuazimwa kuliko vyote. Nikifungua ile bahasha nacheka peke yangu. Mtu kaandika "majini". Mwingine "Bwana Msa mwenyewe, anajifanya mjuaji sana". Mtoto mmoja kaandika jina la mwalimu wake wa hesabu. Lakini kuna wanaoandika kweli kweli, nani alikuwa wapi saa ngapi, nani anafaidika na mirathi. Mzee wa reli aliandika kurasa mbili za daftari, mwandiko wa kulala kama wa ratiba za treni za zamani, chini kaweka tarehe na sahihi. Akaniambia nimtunzie, asisome mtu.

Mwezi jana likaja boksi la msaada, vitabu vya mtu aliyehama nyumba. Chini kabisa, chini ya vitabu vya mapishi na kamusi isiyo na A wala B, nakuta Mzimu mzima, kurasa zote. Sikukiweka kwenye shelfu. Nilikiweka dirooni namsubiri mzee, nikamtumia ujumbe kupitia mjukuu wake.

Ndo akaja leo na mvua yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kiko wapi?"

Nikampa. Akakipangusa na shati, akakaa dirishani kwenye mwanga, akafunua moja kwa moja kule mwisho, miwani kwenye paji la uso, akaishusha. Nikajifanya nagonga mihuri. Ndoo inadondokewa, to, to, to. Nikasikia kitabu kimefungwa. Namtazama, kakiweka mapajani kakilalia na viganja vyote viwili, hajasoma hata mstari.

"Ile karatasi yangu bado unayo?"

"Ninayo babu, ipo kwenye bahasha."

"Nipe. Na kalamu. Nataka kubadilisha jina."